Wasiwasi Ukizidi, Shauri Huharibika

Somo letu la leo linahusu kitu kinachoingia katika kila nyumba ya mkimbizi bila kubisha hodi, nacho ni wasiwasi. Tutaeleza namna wasiwasi uliozidi unavyomfanya mtu akate shauri baya, na namna ya kujilinda.

Kwanza tufahamu kwamba kuogopa si kosa. Tangu mwaka 2013 ugomvi kati ya Batwa na Baluba ulitikisa sehemu zetu hizi, ambazo wakati ule zilikuwa bado ndani ya Katanga. Mwaka 2016 na 2017 ulizidi kuwaka, Manono, Kabalo, Nyunzu, mpaka karibu na Kalemie. Vijiji vilichomwa, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia. Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kushtuka kwa namna hiyo huokoa maisha. Ubaya huanza pale mtu anaposhtuka usiku na mchana, miezi mingi, hata asiweze tena kupambanua nyoka na unyasi.

Wasiwasi huo hufanya kazi namna gani? Kazi yake ya kwanza ni kufunga macho. Mtu huiona hatari moja tu, na yaliyo kando yake hayaoni. Kazi ya pili ni kufupisha siku. Asiyelala hachoki mwili tu, bali na akili. Basi hutafuta neno lolote litakalomaliza mashaka leo, hata kama kesho litamletea hasara. Kazi ya tatu ni kutafuta mkosaji. Moyo usiotulia hutaka kujua ni nani anayeleta hatari, na mara nyingi hunyoosha kidole kwa jirani.

Sasa tutazame mashauri ambayo huharibika kwa njia hiyo.

La kwanza ni kuuza. Tuseme baba amekaa kambini miezi mingi. Anasikia kwamba hakuna atakayerudi kijijini tena. Kwa wasiwasi anauza jembe, baiskeli ya kubebea mihogo, hata mbegu. Mvua za mwezi wa 9 au wa 10 zikifika, mikono yake ni mitupu. Mwingine anaandika kikaratasi cha kumwachia mtu shamba la ukoo kwa bei ya chumvi. Baba, usifanye haraka. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inalinda haki ya mali ya mtu au ya jamii, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kukimbia vita si kuacha haki yako. Na shamba la ukoo si la mtu mmoja. Mke, ndugu na chifu wana neno.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Sheria yetu ya mikataba inasema kwamba ukubali uliopatikana kwa nguvu au kwa udanganyifu si ukubali wa kweli. Mtu akikushikia panga uweke kidole, unaweza kwenda mbele ya hakimu na kuomba mkataba uvunjwe. Lakini kama hakuna aliyekutisha wala kukudanganya, ila wasiwasi wako mwenyewe ulikusukuma, ni vigumu hakimu akusaidie. Ndiyo sababu ulinzi wa kweli ni kufikiri kabla ya kuweka kidole.

La pili ni kumwoza binti akiwa bado mtoto, kwa kuogopa njaa au kuogopa kwamba ataharibiwa. Wazazi hudhani wanamkinga. Lakini sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inakataza uchumba na ndoa ya mtoto, na mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Mahari huliwa kwa mwezi mmoja. Mzazi hubaki na aibu, na binti hubaki na mzigo.

La tatu ni safari. Wengine hurudi kijijini usiku, peke yao, kwa sababu wamechoka kungoja. Wengine huhama kutoka kambi hadi kambi kwa kila uvumi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Hakuna mwenye ruhusa ya kukulazimisha urudi mahali ambapo maisha yako yatakuwa hatarini. Basi hata wasiwasi wako usikulazimishe.

La nne, na lililo baya kupita yote, ni kumshambulia jirani kabla yeye hajashambulia. Mwaka 1994, katika Rwanda, redio RTLM iliwatia watu hofu juu ya jirani zao siku kwa siku, mpaka wengi wakaona kuua ni kujilinda. Uvumi kwamba Batwa wanakuja, au Baluba wanakuja, unafanya kazi ile ile. Kijana anachukua mishale kwa neno ambalo hakuna aliyeliona kwa macho.

Basi tufanye nini? Ukisikia habari mbaya, uliza: nani ameona, wapi, siku gani? Asipopatikana aliyeona, usiipeleke mbele. Kama hatari haiko mlangoni, shauri la kuuza, kuoza au kuhama lilale usiku mmoja, kisha lisemwe mchana mbele ya mke au mume na mzee mmoja asiyepata faida. Na kama hatari iko mlangoni kweli, kimbia. Hapo usingoje mkutano.

Ninyi wakubwa mna kazi yenu. Wekeni siku moja katika juma ya kuwapa watu habari, hata kama hakuna jipya. Mkinyamaza, uvumi utasema mahali penu. Na Mtwa na Muluba wakae pamoja katika mkutano huo, kila mmoja asikie habari ile ile kwa saa ile ile.

Ndugu zangu, vita vilituondolea nyumba na mavuno. Uwezo wa kukata shauri jema bado tunao mikononi mwetu. Tuulinde.