Kuchuja, Kugida au Kumimina? Istilahi za Mvinyo Uliopevuka

Tumeulizwa na mfasiri wa kitabu cha mafunzo ya wahudumu wa hoteli ni kitenzi kipi kifaacho kueleza namna ya kuandaa mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, uliokaa chupani miaka 20 au zaidi. Yeye aliandika "chuja". Kabla ya kujibu, hatuna budi kuutazama mvinyo wenyewe.

Mvinyo mwekundu wa Médoc, katika jimbo la Bordeaux, hutengenezwa hasa kwa zabibu za Cabernet Sauvignon na Merlot. Ungali mchanga, hukausha kinywa kwa sababu ya tanini itokayo katika maganda na kokwa za zabibu. Miaka ipitapo, tanini hushikamana na chembe za rangi, zikawa nzito na kutuama chini. Hayo ndiyo mashapo. Ukali hupungua, ukingo wa mvinyo hupata rangi ya matofali, na harufu ya matunda huipisha ile ya mwerezi na tumbaku. Mvinyo huo umepevuka. Haukuchacha, kwani kuchacha ni kugeuka siki.

Chupa husimamishwa wima siku moja kabla, ili mashapo yashuke. Kizibo hung'olewa bila kuitikisa chupa. Kisha mvinyo huhamishiwa polepole katika chombo cha kioo, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa. Mashapo yaonekanapo shingoni, mhudumu huacha kumimina. Mvinyo hunywewa ukiwa na joto la nyuzi 16 hadi 18 za Sentigredi, tena bila kukawia, kwa maana harufu ya mvinyo wa umri huo hupotea upesi ukipigwa na hewa.

Basi "chuja" halifai: mwanafunzi atatafuta kitambaa au chujio. "Engua" hufikirisha kuondoa povu lililo juu, na mashapo yako chini. "Gida" lina maana ya kuhamisha kioevu kutoka chombo hadi chombo, lakini siku hizi wengi hulielewa kuwa ni kunywa kwa pupa; mhudumu akiambiwa augide mvinyo wa mgeni, huenda akatii! "Mimina" peke yake halisemi lolote juu ya mashapo.

Kwa hiyo tunapendekeza "kumimina kwa kuacha mashapo", na chombo kiitwe "chupa ya kumiminia". Istilahi hii ni ndefu, lakini huuongoza mkono. Na kitenzi kimoja kilichokosewa chaweza kuharibu kwa dakika moja kilichongojewa miaka 20. Tunakaribisha maoni ya wasomaji.