Mwezi wa Sita katika Mwaka wa Nane



Hapa Lubumbashi mwezi wa sita ni mwezi wa baridi. Asubuhi watoto wetu wa mwaka wa nane wanafika shuleni na masweta, miguu imejaa vumbi jekundu. Kwa sheria ya tarehe 11 Februari 2014, elimu ya msingi katika Kongo ina miaka 8: sita ya primeri na miwili juu yake. Mwaka huu wa nane ukiisha, mtoto anaelekezwa njia yake, iwe ualimu, biashara, sayansi au ufundi. Kwa hiyo majuma haya ya mwisho yana uzito.

Kila nusu ya mwaka ina vipindi viwili vya alama na mtihani mmoja, na mtihani unahesabiwa mara mbili ya kipindi. Mtoto aliyelegea tangu Februari bado anaweza kujiokoa, na aliyefanya vizuri anaweza kuanguka. Ndiyo sababu tunarudia masomo hata saa ya mapumziko. Vitabu ni vichache, maswali tunayaandika ubaoni, na usiku tunasahihisha.

Lakini iko kazi nyingine ambayo haimo katika programu ya masomo. Asubuhi ya mtihani prefe anatuletea listi, nasi tunaisoma mbele ya darasa: fulani na fulani hawajamaliza minervali, watoke. Watoto hawabishi. Wanakusanya kalamu na rula, wanapita kati ya mabenchi, wenzao wanatazama chini. Mwaka uliopita tulimwona mmoja amesimama nje ya dirisha, ananakili maswali ya ubaoni katika daftari lake, kusudi akayajibu nyumbani. Hakuna aliyemfukuza mara ya pili.

Mtu atauliza: ninyi walimu hamna huruma? Tujibu wazi. Pesa hiyo inayodaiwa ndiyo inayotulisha. Tangu mwaka 1992, walimu walipogoma kwa kukosa mishahara, wazazi walianza kutoa pesa ya motisha ili watoto wasome. Ulikuwa msaada wa muda, lakini ukakaa. Septemba 2019 primeri za serikali zikaanza kuwa za bure, kama kifungu cha 43 cha katiba ya 2006 kinavyotaka. Jambo hilo tulilipigia makofi. Ila bure hiyo inaishia mwaka wa sita. Mtoto akiingia mwaka wa saba, mzazi yuleyule, mwenye mfuko uleule, anakuta deni linamngoja.

Na kati yetu wako wenzetu wanaofundisha miaka na miaka bila majina yao kuingia katika listi ya mishahara ya serikali. Kwao motisha ndiyo bukari ya watoto, ndiyo makala ya kupikia, ndiyo kodi ya nyumba. Wakisikia mzazi hajalipa, wanahesabu siku zao wenyewe.

Hivyo tunagonganishwa, mwalimu mwenye njaa na mzazi mwenye deni, na mtoto yuko katikati. Serikali, ambayo ndiyo mwajiri wetu, haimo chumbani wakati listi inasomwa. Haioni aibu tunayoiona sisi.

Katika mkutano wetu wa sendika hapa shuleni tulikubaliana kwamba listi isisomwe tena darasani. Deni ni la mtu mzima, basi aitwe mzazi. Mtoto aandike mtihani na karatasi yake isahihishwe kama za wengine. Kisha majina ya walimu wasiolipwa yapelekwe tena kwa wakubwa wa elimu, pamoja na miaka ambayo kila mmoja amefundisha.

Juu ya buletini hatukuafikiana. Wengine wanasema ikitolewa kabla ya deni kulipwa, hatutaona faranga hata moja baada ya sherehe za 30 Juni, kwani mtoto wa mwaka wa nane mara nyingi anahamia shule nyingine. Hoja hiyo ina nguvu. Wengine wanauliza mtoto atajiandikisha wapi bila buletini, na hiyo nayo ina nguvu. Tunaomba matawi mengine yatuandikie yanavyofanya.

Mtihani wa hesabu ni Jumatatu. Prefe tumekwisha kumwambia kwamba safari hii, akitaka listi isomwe, ataisoma mwenyewe.