Maleba ya katani: Kazi ya nyanya wa Ndhiwa msimu wa ngoma ukifika

MUHULA wa pili unapokaribia, watoto wa shule za msingi katika eneo la Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, hurejea nyumbani na ujumbe kwamba mwalimu wa ngoma anataka maleba. Katika maboma ambamo mlezi ni nyanya, au dayo kwa Kiluo, mzigo huo ni wake.

Maleba hayo ni ya Tamasha za Muziki za Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1927. Shule huanzia mashinani, na washindi huendelea hadi fainali za kitaifa, ambazo kwa kawaida huandaliwa mwezi wa Agosti. Katika ngoma za kiasili, mavazi nayo hutazamwa na waamuzi. Mtoto asiye na sketi huenda akabaki pembeni wenzake wakipanda jukwaani.

Nyanya walezi si wachache Ndhiwa. Utafiti uliofanywa huko mwaka wa 2012 na shirika la Médecins Sans Frontières uligundua kwamba takriban asilimia 24 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Maradhi hayo yaliacha mayatima wengi mikononi mwa wazee. Nao mpango wa elimu ya msingi bila malipo, ulioanzishwa mwaka wa 2003, uliondoa karo lakini haukuondoa gharama ndogondogo kama hii.

Kwa bahati nzuri, mkonge hupandwa kama ua. Majani ya chini, yaliyokomaa, hukatwa, miiba ikaondolewa na kila jani likapasuliwa vipande vyembamba. Vipande hivyo hukwaruzwa kwa kisu butu juu ya gogo hadi nyama ya kijani itoke. Utomvu wake huwasha vibaya, hivyo mjukuu hafai kuketi karibu. Nyuzi zinazosalia huoshwa mara kadhaa na kuanikwa juani hadi ziwe nyeupe.

Ushonaji wenyewe hauhitaji cherehani. Kiuno cha mtoto hupimwa kwa kamba. Mafungu madogo ya nyuzi hukunjwa katikati na kufungwa kwa kitanzi kwenye kamba hiyo, moja baada ya jingine, yakibanana ili nguo ya ndani isionekane mtoto anapotikisa kiuno. Kisha kitambaa kigumu hukunjwa juu ya vitanzi na kushonwa kwa sindano kubwa. Ncha za chini hukatwa mwisho, mtoto akiwa amesimama, la sivyo sketi hupanda upande mmoja.

Asiye na mkonge hufumua gunia kuukuu la nailoni. Nyuzi zake hazichoshi kuandaa, ingawa hung'aa mno na hazichezi vizuri kama katani.

Wanaodai kwamba gunia linavunja mila wakumbuke kuwa mkonge nao ni mgeni. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Afrika Mashariki mwaka wa 1893, ulipopandwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf.

Jambo ambalo nyanya hulijua kuliko mwalimu kijana ni chieno. Huo ni mkia wa nyuzi ambao mwanamke wa Kiluo aliufunga kiunoni, ukaning'inia nyuma, kuonyesha kwamba ameolewa. Vazi hilo lilififia wakati wa ukoloni, wamishonari walipohimiza nguo za kitambaa. Ni rahisi kuliona katika picha ya zamani na kulidhania pambo tu. Msichana wa darasa la tano akivikwa chieno, wazee walioketi mbele watamwona mke wa mtu. Kwa hiyo sketi yake hushonwa ikiwa na urefu sawa pande zote, bila fungu la ziada nyuma.

Kamba ya kiunoni huachwa ndefu kwa kiasi cha shubiri mbili kila upande, maana mtoto hunenepa na sketi hiyo itavaliwa tena mwaka ujao, pengine na mdogo wake.