Mfano wa hundi hauonyeshi sura yote ya kampuni

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kurasa za magazeti yetu picha hiyo haiadimiki: meneja aliyevaa fulana yenye nembo ya kampuni anamkabidhi mkuu wa wilaya mfano wa hundi, au ameketi na wanafunzi kwenye dawati jipya. Maelezo chini yake husema kampuni imerudisha kwa jamii sehemu ya faida yake.

Neno hilo, kurudisha, si dogo. Kinachorudishwa ni kilichochukuliwa. Kampuni inayolitumia hujieleza, pengine bila kukusudia, kuwa kitu kilicho nje ya jamii, kinachochuma huku na kutoa kule.

Mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, hakuona haya kusema hivyo. Katika makala yake ya mwaka 1970 alidai kuwa wajibu wa kampuni ni kuongeza faida bila kuvunja kanuni za mchezo, na kwamba meneja anayetoa misaada anagawa fedha za wengine. Wengi walimpinga. Hata hivyo, msimamo wake ulikuwa na uwazi ambao haupatikani kwa urahisi katika matangazo ya kampuni.

Mfano wa kampuni ya mafuta ya BP ya Uingereza unafundisha zaidi. Mwaka 2000 iliacha nembo yake ya ngao, ikachukua ua la kijani na manjano lililopewa jina la Helios, mungu wa jua wa Wayunani wa kale. Matangazo yake yakaanza kusema kwamba kampuni hiyo inakwenda mbali kuliko petroli. Halikuwa suala la misaada tena. Kampuni ilikuwa inatangaza kuwa imekuwa mtu mwingine.

Machi 23, 2005, kiwanda chake cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, kililipuka na kuua wafanyakazi 15. Zaidi ya watu 170 walijeruhiwa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilieleza mwaka 2007 kwamba kasoro za usalama zilikuwa katika ngazi zote za kampuni, na kwamba kupunguza matumizi kulichangia kukidhoofisha kiwanda hicho. Aprili 20, 2010, mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukiichimbia BP kisima katika Ghuba ya Mexico, ulilipuka na kuua watu 11. Mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87. Gharama ilivuka dola bilioni 60.

Si lazima kudhani kwamba waliobuni ua lile walikuwa waongo. Inawezekana waliamini. Lakini imani hiyo ilikaa katika idara ya matangazo, ilhali uamuzi wa kukarabati bomba au kuliacha ulifanywa na watu waliopimwa kwa gharama. Mwaka 2020 BP iliahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030. Februari 2023 ikashusha lengo hilo hadi asilimia 25. Februari 2025 ikatangaza kuongeza uwekezaji katika mafuta na gesi. Nembo haikubadilika.

Kwa Tanzania, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yameondoa sehemu ya uamuzi huo mikononi mwa kampuni. Mwenye leseni hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo husika, kwa kufuata vipaumbele vya halmashauri hiyo. Halmashauri nayo inapaswa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Sharti hilo ni la sekta ya madini. Benki na kampuni za simu hazimo.

India imekwenda mbali zaidi. Tangu 2014 kampuni kubwa hutakiwa kutumia kwa jamii asilimia mbili ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu. Kwa kawaida shughuli za biashara yenyewe hazihesabiwi. Shule iliyojengwa kijijini itaingia katika hesabu hiyo. Bomba lililokarabatiwa kiwandani ili lisiue wafanyakazi halitaingia.