Dakika 11 Zilizokosekana

Faili lile lilikuwa na baiti 4,294,967,295. Niliiandika namba hiyo nyuma ya daftari langu la maandalio, na mpaka leo naikumbuka kama namba ya simu ya nyumbani.

Ilikuwa Juni 2015, Bunge la Bajeti. Nafundisha Uraia hapa Dodoma. Wanafunzi wangu wanaishi kilomita chache tu kutoka ukumbi wa Bunge, lakini mbunge akiuliza na waziri akijibu, wao wako darasani, pengine kwenye Hesabu. Nikaona njia ni kurekodi. Tangu mitambo ya analojia izimwe mkoani kwetu mapema 2013, matangazo yanakuja ya kidijitali, na kompyuta yenye kijiti cha USB cha kunasa mawimbi inayahifadhi kama yalivyo. Nilikuwa nayo kompyuta ya mezani nyumbani Nkuhungu. Nikanunua diski ya terabaiti 1, fundi mmoja akanifomatia.

"Mwalimu, hii sasa itasoma kokote," aliniambia.

Ni kweli, ilisoma kokote. Kikao cha asubuhi kilianza saa 3:00, kikasitishwa saa 7:00 mchana. Jioni nikafungua faili. Maswali yamo, michango imo. Waziri anasimama kujibu, anavuta kipaza sauti karibu, picha inaganda. Umeme haukukatika siku hiyo, na diski ilikuwa karibu tupu. Rekodi ilikuwa na saa 3 na dakika 49. Dakika 11 za majibu, zile hasa nilizozitaka, hazikuwepo.

Kufomati ni kuipa diski utaratibu wa kutunza vitu. Diski mpya ni kama ghala lisilo na leja: nafasi ipo, lakini hakuna anayejua gunia lipi liko wapi. Diski yangu ilikuwa imepewa FAT32, utaratibu uliokuja na toleo la Windows 95 la mwaka 1996. Leja yake ina nafasi ya biti 32 tu ya kuandika ukubwa wa faili moja, na namba kubwa kabisa inayoenea humo ni ile iliyo kwenye daftari langu. Faili likifika hapo, hata ghala liwe wazi kiasi gani, haliongezeki hata baiti moja. Kituo nilichokuwa narekodi kilikuja kwa takriban megabiti 2.5 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 1 na kidogo kwa saa. Piga hesabu, utaiona saa 6:49 mchana ikikusubiri. Kituo cha picha kali cha megabiti 8 kingefika ukomo huo baada ya dakika 71, mpira ukiwa bado kipindi cha pili.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujabonyeza chochote: rekodi yako ndefu kuliko zote itakuwa na ukubwa gani? La pili, umeme wa kwenu ukoje? Hili watu hulipuuza. NTFS ya Windows, na ext4 na XFS za Linux, huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyafanya kwenye leja. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa inaandika, ukirudi leja inanyooshwa kwa sekunde chache. Sekunde za mwisho za rekodi zinaweza kupotea, ila diski inabaki salama. exFAT haina ukomo wa gigabaiti 4 na inafaa sana kwa flashi ya kubebea faili, lakini haina kumbukumbu hiyo. Kwa diski inayorekodi mchana kutwa, mimi siichagui.

Kompyuta yangu inatumia Linux, nikachagua ext4. XFS nayo ni hodari kwa mafaili makubwa; kasoro yake ni kwamba patisheni yake huwezi kuipunguza baadaye. Anayetumia Windows achukue NTFS, asisumbuke zaidi.

Kuna jambo moja la ext4 lililonifurahisha sana nilipolijua. Kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa msimamizi wa mfumo. Kwenye diski yenye mfumo wa kompyuta, iache. Itakuokoa siku diski ikijaa. Lakini kwenye diski ya rekodi tupu, asilimia 5 ya terabaiti 1 ni gigabaiti 50, yaani saa 44 za Bunge zimekaa bure! Amri ya tune2fs -m 0 inazirudisha bila kufuta kitu. Pia ext4 huandaa nafasi za majina ya mamilioni ya mafaili, wakati diski ya rekodi itabeba mamia tu. Ukichagua aina ya largefile4 wakati wa kufomati, unapata gigabaiti nyingine zaidi ya 10. Hii haibadilishwi baadaye bila kufomati upya, na kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo amua mapema. Diski ya mtumba usiifomati kwa haraka haraka. Chagua ile njia ndefu inayopita diski nzima, hata ikichukua usiku kucha.

Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Siku hiyo nilikwenda kuzihesabu rekodi zangu. Nyingi zilikuwa zimehifadhiwa baada ya kubadilisha utaratibu wa diski, kila moja na tarehe yake, gigabaiti 4.5 kwa kikao cha asubuhi. Nilifungua moja nikaisogeza mpaka mwisho kabisa: shughuli zinasitishwa, wabunge wanasimama, na kamera inabaki kwenye viti vitupu.