Je, Wajua? Kisu, Kifua na Foleni

Je, wajua kwamba tabibu Mgiriki Paulo wa Aegina aliandika jinsi ya kupasua kifua cha mwanaume aliyeota matiti tangu karne ya 7? Alieleza mkato wenye umbo la mwezi mchanga, akaagiza mafuta yatolewe, kisha ngozi ishonwe. Vijana wa kiume hufanyiwa upasuaji wa aina hiyo mpaka leo, wala hakuna anayeitisha mkutano wa hadhara kuupinga.

Je, wajua kwamba Michael Dillon, Mwingereza aliyeandikwa msichana alipozaliwa, aliondolewa matiti mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto? Baadaye akawa daktari, kisha mtawa wa Kibudha, akafia India mwaka 1962.

Je, wajua kwamba Afrika Kusini ina Sheria namba 49 ya mwaka 2003 inayomruhusu mtu kubadili jinsia kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwamba kisu si sharti? Matibabu ya homoni yanatosha, pamoja na ripoti za madaktari. Ila anayejitambua kuwa si mwanamume wala mwanamke bado hana pa kuandikwa: chaguo ni mawili tu.

Kwa hiyo karatasi ipo. Kinachoadimika ni nafasi kwenye chumba cha upasuaji. Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ile ambako daktari Christiaan Barnard alipandikiza moyo mwaka 1967, ina kliniki ya watu waliobadili jinsia, na foleni ya upasuaji huko imewahi kuripotiwa kupita miaka 20. Mkazi wa Clairwood, kusini mwa Durban, yuko kama kilomita 1,600 kutoka hapo kwa barabara. Mwenye fedha huenda hospitali binafsi. Asiye nazo husubiri.

   

Tuingie chumba cha upasuaji wa kifua sasa. Mgonjwa hupewa nusukaputi. Mwenye matiti madogo huenda akapasuliwa pembeni ya chuchu tu. Mwenye makubwa hukatwa mikato miwili chini ya kifua, nyama ya titi hutolewa, na mara nyingi chuchu huondolewa, hupunguzwa, kisha hupandikizwa upya kama kiraka cha ngozi. Chuchu iliyopandikizwa hivyo kwa kawaida hupoteza hisia. Wavutaji sigara nao huambiwa waache mapema: nikotini hubana mishipa, na kiraka kisichopata damu hufa.

Baadaye huja mirija ya kutoa majimaji, fulana ya kubana, na wiki kadhaa bila kunyanyua kizito. Clairwood ni mtaa wa malori, maghala na karakana. Kwa mpakia mizigo, wiki hizo ni mshahara. Ngozi nyeusi nayo huelekea zaidi kuota keloidi, kwa hiyo aliye na kovu lililowahi kuvimba amweleze daktari kabla ya siku yenyewe.

Je, wajua kwamba testosteroni, homoni ya kiume, si lazima itangulie? Mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, chapisho la 8 la mwaka 2022, hauifanyi kuwa sharti la upasuaji wa kifua. Habari njema kwa wasiotaka ndevu.

Na saratani? Hatari hupungua sana, lakini nyama kidogo ya titi hubaki. Uvimbe mpya ukijitokeza, upimwe.

Wanaosubiri wengi hubana kifua kwa vazi maalumu. Bendeji ya kufungia kifundo cha mguu isitumike, maana huzidi kukaza mtu akipumua. Na usiku, vazi livuliwe.