Nyuki Darini Roma

Ukiingia ukumbi mkubwa wa jumba la Barberini mjini Roma, shingo itakuuma kabla macho hayajatosheka. Dari lote limejaa watu: miungu ya kale, majitu yanayoporomoka, wanawake wanaoelea mawinguni. Katikati yao, ndani ya shada la majani, wanaruka nyuki watatu wakubwa. Nyuki hao ni alama ya wenye nyumba.

Barberini walikuwa wafanyabiashara wa Firenze, matajiri lakini si wa damu ya kifalme. Mwaka 1623 mwana wao Maffeo alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Urbano VIII. Kiti cha Papa hakirithiwi, kwa hiyo jamaa walikuwa na haraka. Watoto wawili wa kaka yake wakawa makardinali; wa tatu, Taddeo, akapewa utawala wa Palestrina. Kisha akaitwa mchoraji Pietro da Cortona, aliyelishughulikia dari hilo kuanzia 1632 hadi 1639.

Maudhui yalipangwa na mshairi Francesco Bracciolini, naye hakuona haya: Majaliwa ya Mungu, katika umbo la mwanamke anayeng'aa, anaamuru nyuki wavikwe taji la nyota. Yaani si kura za makardinali zilizowapandisha Barberini, ni Mungu mwenyewe. Kwa macho yangu hiyo ni kampeni iliyopigwa baada ya uchaguzi, na sijaona nyingine iliyochorwa vizuri kama hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Fundi hupaka chokaa mbichi sehemu anayoweza kuimaliza siku hiyo tu, rangi ikanywewa na chokaa kabla haijakauka. Akikosea, hubandua aanze upya. Hata nguzo na mapambo yanayoonekana kama mawe pale juu ni rangi tupu.

Urbano alifariki mwaka 1644, baada ya vita vya kugombea mji wa Castro kuikausha hazina. Mrithi wake, Innocent X wa ukoo wa Pamphilj, akaanza kuwachunguza wale watoto wa kaka yake Urbano. Haikupita miaka 2 wote watatu wakawa wamekimbilia Ufaransa. Nyuki wakabaki darini.

Na Pamphilj nao walipotaka dari la kujisifu katika jumba lao la Piazza Navona, walimwita nani? Cortona yuleyule. Kati ya 1651 na 1654 aliwachorea safari za Enea, shujaa wa Troya waliyedai ni babu yao. Jumba hilo leo ni ubalozi wa Brazili.